Mwelekeo wa mvua za vuli, kwa mwenye mikarafuu Wete, Pemba

Naandika kama mkulima wa karafuu, si mtaalamu wa hali ya hewa. Tangu 2023 sipangi msimu kabla sijausoma mwelekeo wa mvua za vuli, yaani utabiri wa msimu mzima, unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ni bure, unasomeka kwenye simu, na hutoka vuli haijaingia.

Mwaka ule tuliambiwa tutarajie mvua za wastani hadi juu ya wastani, El Niño ikitajwa, lile joto la Bahari ya Pasifiki ambalo mara nyingi hutuzidishia mvua za vuli. Karafuu inataka jua la siku nne au tano juu ya jamvi. Ikilala na unyevu hugeuka rangi, ikavunda, na daraja linashuka. Basi pesa niliyoweka ya kuezekea banda la mbuzi nikanunulia maturubai mawili. Nikawaendea wachumaji mapema, nikawaongezea kidogo kwa pishi ili waanzie kwangu. Novemba mvua ikashika, siku kwa siku. Sehemu kubwa ya karafuu yangu ilikuwa imeshaingia guniani. Ile ya mwisho niliianika na kuianua hata mikono ikaniuma, lakini haikuoza.

Hata hivyo, usiudai mwelekeo huu kisichokuwamo ndani yake. Unazungumzia jumla ya miezi mitatu, Oktoba hadi Disemba, tena kwa ukanda mzima: sisi tumo pamoja na Tanga, Dar es Salaam na Pwani. Haukwambii Jumanne anika, Jumatano anua. Kwa hilo nafuata utabiri wa siku kumi na wa kila siku.

Na "juu ya wastani" maana yake ni kwamba uwezekano umeegemea huko, si ahadi. Msimu mmoja redio ilisoma "mvua kubwa zinakuja", ikaishia hapo. Jirani yangu kwa hofu akaikodisha mikarafuu yake kwa bei ya kutupa, na wiki za uchumaji wake zikawa za jua kali. Iliniuma, kwani ana watoto watano na mikarafuu ile ndiyo tegemeo lake.

Mwelekeo wa masika naufuata kwa mpunga. Ukiegemea chini ya wastani, napanda zaidi mbegu ya Nerika, inayowahi kukomaa. Ukiegemea juu, mbegu ya Supa bondeni. Lakini hata uwe umeegemea vipi, robo ya shamba naiwekea ile mbegu nyengine.