Kibanda cha bluu nyuma ya Soko Kuu, Mtwara: fundi anayepima kabla ya kusema

Mashine yangu ya kutotolesha inageuza trei kwa mota ya waipa ya gari. Siku ya 9, mayai 60 ya kienyeji yakiwa ndani, mota ikawa inanguruma tu, haizunguki. Nikageuza kwa mkono, hata usiku naamka, maana yai likilala upande mmoja kijusi hunata kwenye ganda.

Fundi wa kwanza hakufungua hata kisanduku cha umeme. Aliinusa mota, akasema imeungua, nitoe 45,000 aniletee nyingine. Moyo ulikataa. Jirani akanielekeza hapa kibandani.

Huyu kijana alianza kwa kuuliza: “Shikamoo mama. Ilizima ghafla au ilikuwa inachoka?” Ilikuwa inachoka, kama wiki hivi. Akaigusisha mota kwenye betri ya pikipiki, ikazunguka vizuri kabisa. Kumbe mota nzima, ubovu uko kwenye sakiti inayoilisha.

Sasa hapa ndipo nilipomvulia kofia. Mita ilisoma volti 15, na mwingine angesema umeme si upo. Yeye akaunga taa ya mbele ya pikipiki mahali pa mota: waya wa ndani ukawa mwekundu tu kama kaa la sigara, mita ikaanguka hadi 5. Akachomoa plagi, akaiacha taa imalize chaji iliyobaki, ndipo akanionyesha kapasita, kile kikopo kidogo kinachotunza chaji. Kichwa kimevimba kama andazi, ubavuni imeandikwa 16V, yaani mwisho wake volti 16. “Mama, umeme wa transfoma ya volti 12 ukishapita kwenye dayodi, hivi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, unafika 15 na zaidi. Hii ilikuwa inabanwa kila siku.” Na kati ya dayodi nne, moja ilikuwa imekata, mita haisomi huku wala huku.

Akafunga kapasita ya 35V na dayodi za ampea 3 badala ya zile za ampea 1. Kisanduku nacho akakihamishia nje ya mashine, kwa kuwa lile joto la ndani linazeesha kapasita.

Nililipa 14,000. Risiti hana, hilo arekebishe. Ijumaa hufunga mchana hadi watu watoke msikitini, usiende saa hizo ukakaa juani kama mimi. Na ukienda, beba na kisanduku cha umeme, si mota peke yake.