Mafunzo ya Amani kwa Vijana wa Dini Mbalimbali Jijini Mwanza: Hotuba Zimezidi, ila Somo la Nyama Halina Mfano

Mafunzo haya huendeshwa siku za Jumamosi na kamati ya pamoja ya viongozi wa misikiti na makanisa, katika ukumbi wa kukodi upande wa Kirumba, na yanalenga vijana wa kuanzia kidato cha tatu hadi wale waliokwisha kumaliza shule na bado wanahangaika kutafuta shughuli. Ada ni shilingi 10,000, ambazo zinagharamia daftari, kijitabu na chakula cha mchana. Niliwaandikisha binti yangu na mpwa wangu, na kwa kuwa wazazi huruhusiwa kukaa viti vya nyuma, nilifuatilia vipindi vyote. Tathmini yangu ni kwamba mafunzo yanafaa na ada si kubwa, lakini waandaaji wanatumia muda mwingi kuwahubiria vijana jambo ambalo tayari wanalikubali, na muda mchache kushughulikia yale yanayowagombanisha watu kweli.

Siku ya kwanza ilikuwa ya hotuba. Mgeni rasmi alichelewa, itifaki ikazingatiwa kwa urefu wake wote, na kila aliyeshika kipaza sauti alitukumbusha kwamba Tanzania ni kisiwa cha amani. Hadi adhuhuri nusu ya ukumbi ilikuwa imeinamia simu. Mzazi ambaye kijana wake ataikosa siku hiyo asisikitike sana.

Kilichonifanya niandike tathmini hii ni siku ya pili, ambapo somo lilikuwa kuchinja. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji maelezo marefu: ugomvi wa nani achinje nyama inayouzwa kwa watu wote ulipamba moto huku kwetu mwishoni mwa mwaka 2012, na Februari 2013 ukasababisha vurugu Buseresere, mkoani Geita, ambako mchungaji aliuawa. Vijana waliokuwa ukumbini walikuwa watoto wadogo wakati huo, na wengi hawakuwa wamewahi kusimuliwa. Wakubwa wao wamechagua kunyamaza, kana kwamba jambo lisipotajwa linakufa lenyewe, na nilitarajia kamati nayo ingepita pembeni. Haikupita.

Waliletwa watu watatu mbele: ustadhi, mchungaji na mwenye bucha wa Mabatini. Kijana mmoja aliuliza swali ambalo watu wazima huulizana kwa kunong'ona: ikiwa yeye Mkristo hana tatizo na nyama iliyochinjwa na Mwislamu, kwa nini Mwislamu awe na tatizo na nyama aliyoichinja yeye? Ustadhi hakukasirika wala hakuzunguka. Alieleza kwamba kwa Mwislamu kuchinja kuna masharti ya dini, likiwamo la kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na kwamba anayeikataa nyama isiyotimiza masharti anailinda ibada yake, hamdharau jirani. Mchungaji naye akaongeza jambo ambalo Waislamu wengi waliokuwapo hawakuwa wanalifahamu, kwamba wapo Wakristo wanaosoma maonyo ya Mtume Paulo juu ya vyakula vya sanamu na dhamiri zao zikasita kula nyama iliyosomewa dua ya dini nyingine. Hapo ndipo vijana walipoanza kuelewa kwamba pande zote mbili zina watu wenye dhamiri, na kwamba ugomvi haukuzuliwa na wahuni peke yao.

Lakini aliyewashika kweli alikuwa mwenye bucha. Yeye ni Mkristo, na ng'ombe wake huchinjwa na Mwislamu machinjioni, kisha nyama ikakaguliwa na kugongwa muhuri kabla ya kupakiwa. Alisema hafanyi hivyo kwa kulazimishwa na mtu, bali kwa kuwa anataka kila anayepita barabarani aweze kununua, na kwamba mteja akifika dirishani yeye huuliza kilo ngapi, haulizi anasali wapi. Nadhani maneno yake yalifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za Jumamosi iliyotangulia, kwa sababu yalitoka kwa mtu ambaye angepoteza riziki yake iwapo mtaa ungegawanyika.

Baadaye vijana waligawanywa katika makundi yenye mchanganyiko wa dini, wakapewa zoezi: uvumi umeenea siku ya gulio kwamba nyama ya bucha fulani imechinjwa kinyume na mazoea, na watu wameanza kukusanyika. Je, nani apigiwe simu kwanza? Kundi moja liliandika polisi. Kundi la mpwa wangu likapinga kwa hoja kwamba umati ukiona gari la polisi huongezeka, na likapendekeza aanze mwenyekiti wa mtaa, kisha imamu na mchungaji wa eneo hilo wafike pamoja, wasimame mahali pamoja, ili pasiwepo anayesema kiongozi wake hakuwepo. Walibishana mpaka kengele ya chakula. Chakula chenyewe kilikuwa ugali na sangara, na sijui kama ni makusudi au la, kwani samaki hana mgogoro wa kisu.

Somo la simu na mitandao lilikuwa zuri kwa kiasi. Mwezeshaji alikumbusha jinsi mabishano ya watoto wawili kuhusu Kurani huko Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, yalivyoishia kwa makanisa kuchomwa moto, kisha akawauliza vijana uvumi kama huo ungesambaa kwa kasi gani leo, ambapo kila mmoja ana kundi la WhatsApp. Aligusia pia Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolinda uhuru wa kuabudu na kuitangaza dini, na kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kuwa kosa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Alichokwepa ni mihadhara na mikutano ya hadhara ambayo vijana huisikia kila wiki kwenye vipaza sauti, ambapo vitabu vya upande mmoja husomwa ili kuushinda upande wa pili. Mstari uliopo kati ya kutangaza dini na kuumiza hisia upo hapo hapo, na ulistahili saa nzima.

Ziara ya Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa fupi. Shehe aliomba, padri akaomba, tukarudi.

Kasoro kubwa ni ratiba. Kufanya mafunzo ya maelewano ya dini siku ya Jumamosi, katika kanda yenye Waadventista Wasabato wengi kama hii, ni kuwafungia mlango bila kuwaambia. Nilimwuliza mratibu, akajibu kwamba Ijumaa ina swala na Jumapili ina ibada, jibu ambalo linaonyesha tatizo lilipo: kamati inafikiri kwa hesabu ya dini mbili. Ndivyo kijitabu nacho kinavyosema, "dini zetu mbili", ilhali jiji hili lina Wahindu, na familia nyingi za Kisukuma zina babu ambaye hajawahi kuingia kanisani wala msikitini na bado matambiko yake yanaheshimiwa na wajukuu wa pande zote. Jumapili alasiri ingewafaa wengi zaidi.

Wasichana walikuwa wachache pia, na kipindi kiliisha jioni sana kwa anayerudi Buhongwa au Kisesa kwa daladala.

Fomu hupatikana kwenye ofisi za parokia, usharika au msikiti ulio katika kamati, na sahihi ya mzazi au mlezi ni lazima. Asiye na ofisi ya namna hiyo jirani anaweza kuandikishwa ukumbini asubuhi ya siku ya kwanza. Awahi, kwa maana viti ni vichache na vya mbele huwekewa wageni.