Nyota mbili: huduma ya vidokezo vya hisa iliyoniingiza kwenye maputo ya jeshi

Wakuu, jina la hii huduma silitaji maana sitaki kesi, ila kama uko huku Marekani na unachezea hisa za senti tangazo lake lazima limeshakupitia. Dola 49 kwa mwezi, kila asubuhi kabla soko halijafunguliwa wanakutumia meseji, nunua hiki, uza kile. Nimekaa nao miezi saba.

Haki yao niwape: meseji zinawahi, na ukiwaandikia wanajibu tena kwa adabu. Nyota mbili zote ni za hapo.

Sasa lile puto. Walileta kakampuni kamoja eti kanatengeneza puto refu lenye injini, linapanda futi 60,000 linakaa huko miezi bila rubani, linakula umeme wa jua, na jeshi "limeonyesha nia". Hisa senti nne. Nikaona huu ndo mchongo wenyewe, nikatupia dola 600 nilizokuwa nimetenga za matairi ya baridi. Leo nikifungua app nasoma dola 71, na matairi ni yale yale vipara.

Nia ya jeshi ni kweli ipo, hilo sibishi. Huko juu upepo mara nyingi ni mpole, ukiweka rada au mitambo ya mawasiliano inatazama eneo kubwa balaa bila gharama za roketi. Ila uzito wa hewa ya huko ni chini kidogo ya asilimia 10 ya hii tunayovuta huku chini, kwa hiyo mzigo ule ule unataka puto kubwa mara kumi na kitu, na likiwa kubwa hivyo ngozi yake inatakiwa iwe nyepesi na isichanike, halafu usiku jua hakuna, unategemea betri, na betri nazo ni mzigo. Wanakwama hapo hapo kila siku.

Na wanaokwama ni wakubwa hasa. Lockheed Martin, wale watengeneza ndege za kivita, walirusha puto lao la majaribio, HALE-D, kutoka Akron hapa Ohio tarehe 27 Julai 2011, likafika futi 32,000 likagoma, asubuhi ile ile wakalishusha porini Pennsylvania. Banda la Akron nimeshalipita nikiwa narudi kazini, wanaliita Airdock, la mwaka 1929, jeusi, refu zaidi ya mita 350, unaendesha we na bado liko dirishani. Nikawaza, kama waliotoka kwenye banda hili wamelala porini, kakampuni kangu kenye anwani ya sanduku la posta karuke na nini?

Halafu kuna lile la LEMV, puto la upelelezi la jeshi la Marekani, la kuruka chini kidogo, futi 20,000. Mkataba wa 2010 na Northrop Grumman, kampuni nyingine kubwa ya silaha, hadi dola milioni 517. Likaruka mara moja Agosti 2012, mwaka uliofuata mradi ukafutwa na Waingereza waliolibuni wakalinunua tena kwa dola 301,000. Mia tatu na moja elfu! Northrop wana ndege, wana makombora, maisha yakaendelea. Mwenye hisa za kampuni ya puto peke yake ndo anabaki na puto.

Na kabla yangu walishalia wengine. GlobeTel ya Florida ilikuwa ikiuza ndoto ya Stratellite, puto la namna hii hii, mwaka 2008 SEC, wasimamizi wa soko la hisa Marekani, ikaishtaki ikidai mapato ya zaidi ya dola milioni 100 ya biashara yake ya simu yalikuwa hewa. Kampuni ikabadili jina ikawa Sanswire, baadaye World Surveillance Group.

Kidokezo hakikugusa lolote kati ya haya. Wala hakikusema kwamba kampuni isiyouza kitu inajilipa mishahara kwa kutoa hisa mpya. Ripoti ya kakampuni kangu nimeifungua nikiwa nimeshachelewa, hisa milioni 300 zilikuwa zimekuwa milioni 900 ndani ya mwaka, yaani keki ile ile, visu vimeongezeka. Kila tangazo la "jeshi limetutembelea" bei inapanda siku mbili, wenye kampuni wanauza, sisi tunanunua.

Nikawaandikia hao wa vidokezo. Wakajibu, kwa adabu kama kawaida, wakanizawadia mwezi wa bure. Nimefuta usajili tangu wiki ya kwanza ya mwezi, juzi wamekata tena 49, benki wanasema nisubiri siku kumi za kazi, na leo asubuhi meseji imeingia: nunua kampuni ya heliamu, ile gesi ya kujazia maputo.