Pilgrim's Rest kwa Saa Mbili: Ziara Iliyoishia Mwaka 1873

Kampuni iliyotutembeza Pilgrim's Rest, mji mdogo ulioko jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, ilituahidi historia nzima ya mji huo kwa saa mbili. Nusu saa ya kwanza, lazima nikiri, ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwongozaji alichota mchanga kijitoni kwa karai, akauzungusha majini taratibu mpaka changarawe zikamwagika na kubaki mchanga mweusi, kisha akatuonyesha pembeni mwa karai chembe moja ya njano, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Hapo akatusimulia habari za Alec Patterson, ambaye mwaka 1873 aliyakimbia machimbo jirani ya Mac Mac kwa kuwa yalikuwa yamefurika watu, akavuka milima na mizigo yake kwenye toroli, akapata dhahabu katika kijito hiki na kunyamaza kimya. William Trafford ndiye aliyekwenda kuandikisha ugunduzi, na kabla ya mwaka kwisha bonde lilikuwa na wachimbaji wapatao 1,500. Ilikuwa rashi hasa, kama wachimbaji wadogo wa Tanzania wanavyouita mmiminiko wa watu penye dhahabu mpya.

Kasoro ni kwamba hadithi iliishia hapo, ilhali nyumba za mbao na mabati tulizopita tukizipiga picha ni za enzi nyingine kabisa. Mchimbaji wa karai hulala hemani na huhama dhahabu ya mchangani inapokwisha. Ile iliyomo ndani ya miamba huhitaji mashimo marefu, vinu na mtaji. Ndiyo maana mwaka 1881 mwekezaji David Benjamin alipewa haki ya uchimbaji, na katika miaka ya 1890 ikaundwa kampuni kubwa ya Transvaal Gold Mining Estates, ambayo uchimbaji wake uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Rashi ilikuwa ya miaka michache tu, na kampuni ikatawala maisha ya mji kwa miongo kadhaa. Nilipouliza kuhusu wafanyakazi Waafrika walioingia katika mashimo hayo, nilijibiwa kuwa muda hautoshi.

Muda, hata hivyo, ulitosha kutupandisha makaburini, kwenye kaburi lililolazwa kinyume na mengine yote na kuandikwa tu kwamba ni la mwizi. Ni kivutio, sikatai, ingawa magoti yangu yalikuwa na maoni tofauti. Lakini sarafu za Veldpond zilitajwa kwa sentensi moja tu, tena tukiwa tumekwisha kupanda basi: mwaka 1902, vita vyao na Waingereza vikielekea ukingoni, Makaburu walitumia vifaa vya kuungaunga kufua papa hapa sarafu 986 za dhahabu, kila moja ya pauni moja. Ningeyatoa makaburi yote kwa dakika kumi za habari hiyo.

Mji wenyewe, ambao serikali iliununua mwaka 1974 ili uhifadhiwe kama makumbusho, unastahili siku nzima, na mtu mwenye gari anaweza kufika mwenyewe kutoka mji jirani wa Graskop bila kumtegemea yeyote. Kampuni naipa nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya lile karai.