Bastola ya Shield EZ ya 9mm, miezi minane kiunoni

Mimi nina duka la vyakula vya nyumbani hapa Arlington, Texas, unga, Royco, majani chai, nafunga saa nne usiku na natoka na pesa ya siku nzima, kwa hivyo nilitaka bastola ya kubeba chini ya nguo. Duka la kwanza la bunduki kijana aliniangalia tu akaniletea rivolva ndogo ya .38, ile bastola ya silinda inayozunguka, ati hii ndio ya akina mama, nyepesi. Nashukuru Mungu sikulipa, nilienda kwanza renji, pale pa kufanyia mazoezi ya kupiga risasi, nikakodi ya aina hiyo hiyo. Risasi 5 tu, triga ni nzito mpaka bastola yote inatingishika ukivuta, na kwa vile ni nyepesi kishindo chote kinaishia kwa kiganja. Nilipofika risasi ya 10 ngozi hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa inawaka. Dada zangu, bastola ndogo ndio ngumu kupiga, sio rahisi, na hakuna muuzaji aliyeniambia hivyo.

Nikakodi zingine. Glock 43X ni nyembamba na inabeba risasi 10, ningekuwa na mikono ya miaka 30 ningeichukua, lakini mimi nina baridi yabisi na kukoki ile slaidi, sehemu ya juu unayovuta nyuma kuingiza risasi, nilikuwa nashindana nayo. SIG P365 inafichika kuliko zote, ila mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia.

Halafu ndio nikashika Smith & Wesson Shield EZ ya 9mm. Slaidi inavutika kweli, nyuma ina vimasikio vidogo vya kushikia, na magazini, kile kikasha cha risasi, ina kibonyezo cha pembeni unashusha springi kwa kidole unapojaza, nilijaza risasi zote 8 bila kuvunja kucha. Nililipa chini kidogo ya dola 500.

Kasoro iko. Nyuma ya mpini kuna sefti, kibonyezo cha usalama, lazima uibane kwa kiganja, ukishika vibaya haifyatui, na mimi imenitokea mara mbili nikichomoa haraka, sasa nafanya mazoezi ya kushika tu, nyumbani, bila risasi, kila Jumapili. Na ni nzito, karibu gramu 650 tupu. Kwa dera haionekani, lakini kwa blauzi nikiinama kubeba gunia la unga inachoreka. Holsta, yaani ala ya bastola, ya kwanza ya kitambaa nilitupa, ilikuwa inajikunja ukichomoa, nunua ya plastiki ngumu inayofunika triga yote, na mkanda mgumu pia, hapo usibane pesa. Bastola usiiweke kabisa kwa pochi pamoja na funguo.

Texas tangu 1 Septemba 2021 mwenye miaka 21 anayeruhusiwa kisheria kuwa na bunduki anabeba bila leseni, lakini mimi nilisoma darasa nikachukua leseni, nikisafiri majimbo mengi yanaitambua. Wa green card mnaweza kununua, wa visa ya masomo kwa kawaida hapana, ulizeni kabla ya kujaza ile fomu ya kununulia bunduki. Na baa yenye bango jekundu la 51%, yaani mapato yake mengi ni ya pombe inayonywewa hapo, usiingie nayo.

Mimi nina wajukuu wawili ndani ya nyumba. Ikitoka kiunoni inaingia kwa sefu ya alama za vidole kando ya kitanda, kabla sijavua viatu.