Mkate wa boga: boga la kopo au boga bichi?

Ikifika Oktoba huku Marekani tunaanza tena kubishana, kopo au boga lenyewe? Kwa kuokoa muda kopo halina mpinzani, unafungua zile gramu 425 unamwaga kwenye bakuli basi, na uzito ni uleule kila mara (ila soma lebo, kopo la kujazia pai lishatiwa sukari na viungo). Boga bichi ni shughuli, ulipasue, uchote mbegu, uliweke kwenye oveni kama saa nzima mpaka uma uzame, usage, halafu ulichuje kwenye kitambaa maana lina maji balaa, mi mwaka juzi niliruka hapo kwenye kuchuja mkate ukatoka uji katikati. Na usichukue yale majitu ya kuchonga sura za Halloween (ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba), hayana utamu, chukua madogo ya pai. Lakini mbegu zake ukikaanga na chumvi, weee, kopo halikupi hiyo.

Kutunza, kopo linakaa miaka, likifunguliwa ni siku chache tu kwenye friji. Boga zima wiki kadhaa sehemu ya ubaridi.

Unatoka shifti ya usiku na watoto wanalia njaa? Kopo. Una Jumamosi nzima na unataka utie tui na iliki kama boga la bibi? Pasua boga.