Lenzi za jicho za bei nafuu kwa darubini ya kioo: anza na ipi?

Boksi la darubini linasema inakuza mara 525. Kihesabu ni kweli: darubini ya 76/700 (kioo cha milimita 76, urefu wa fokasi milimita 700), ile ya wanaoanza, ukiifunga lenzi ya milimita 4 pamoja na Barlow ya mara 3 (lenzi ya kati inayozidisha ukuzaji) inafika hapo. Lakini kioo cha milimita 76 kinaishiwa nguvu karibu na mara 150, yaani kipenyo chake mara mbili. Ukizidisha, Zohali inageuka doa linalotetemeka. Ndiyo maana pesa yako ya kwanza isiende kwenye ukuzaji mkubwa.

Kabla ya kuagiza, pima kwa rula tundu la kuwekea lenzi. Milimita 31.7 ndicho kipimo cha kawaida. Likiwa 24.5, ni mtindo wa zamani na utahitaji adapta. Hesabu nayo ni nyepesi: gawa urefu wa fokasi (ile namba ya pili ya darubini) kwa milimita za lenzi. 700 kwa 10 ni mara 70.

1. Milimita 6, uwanja wa kuona wa nyuzi 66. Ni zile zenye mstari wa dhahabu, SVBONY na majina mengine. Kwenye 76/700 inakupa mara 117: pete za Zohali zinaachana na sayari, na mikanda miwili ya Mshtarii inaonekana. Mwenye 114/900 achukue ya milimita 9, apate mara 100. Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya Uganda yenyewe. Hapa tuko kwenye ikweta, sayari zinapita karibu na utosi ambako hewa ya kuvuka ni kidogo, basi ukuzaji wa namna hii unafaa kweli. Ila stendi nyingi za bei rahisi za kufuata nyota zina mhimili usiolala vya kutosha kwa latitudo yetu, na watu huishia kusukuma darubini kwa mkono. Kwa uwanja wa nyuzi 66, sayari inakaa ndani zaidi ya dakika mbili. Kwa ile SR4 (lenzi ya milimita 4) ya kwenye boksi, haimalizi hata dakika moja. Foleni ya watoto wa jirani itakufundisha tofauti hiyo haraka. Epuka ndugu zake wa milimita 15 na 20 kama darubini yako ni fupi, mfano 130/650, maana nyota za pembeni zinavutika.

2. Plössl (aina ya kawaida ya lenzi ya jicho) ya milimita 32. Mara 22, na Kilimia nzima inaingia. Ndiyo ya kutafutia vitu. Kama boksi lilikuja na ya milimita 25 iliyo safi, subiri kidogo.

3. Barlow ya mara 2, ya glasi. Inafaa ikiwa lenzi zako za 20 na 10 ni nzuri. Ukiiunganisha na ya milimita 6 kwenye kioo kidogo, unarudi kwenye ule uongo wa boksi.

4. Zumu (lenzi moja ya kubadilisha ukuzaji) ya milimita 7 hadi 21. Rahisi shuleni, lakini kwenye 21 uwanja unabana mpaka karibu nyuzi 40.

Plössl ya milimita 4 iache dukani: jicho linasogea mpaka kope zinapaka glasi, na mwenye miwani hana lake. Seti za sanduku nazo, nusu ya lenzi zake hutazigusa. Na ukikuta kichujio cha jua cha kufunga kwenye lenzi, kitupe leo, usimpe mtu. Joto linaweza kukipasua huku jicho likiwa pale pale.

Nyingi ya hizo namba 1 na 2 huwa kati ya dola 20 na 40 kabla ya usafiri. Ongeza VAT ya asilimia 18 na ushuru mwingine. Agizeni wawili watatu pamoja, au mwombe ndugu wa Nairobi aiweke kwenye basi la kupitia Busia. Ikifika, kama unaishi Entebbe au Jinja karibu na ziwa, ihifadhi kwenye kopo linalofunga, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, hasa Machi hadi Mei. Kuvu likishaota ndani ya lenzi halifutiki kwa kitambaa.